GnuCash kwa hesabu za nyumba: mchezo, karafuu na makato ya simu

Kilichonifanya nibaki na GnuCash, programu ya kompyuta ya kuweka hesabu, ni mchezo, yaani ule wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Programu za simu nilizozijaribu kabla yake zilijua mambo mawili tu: pesa imeingia, pesa imetoka. Ukitoa elfu hamsini ya mchezo, zinaandika umetumia. Siku ya zamu yako ukipokea, zinaandika umepata, na mwezi huo chati inakuonesha tajiri. Utajiri gani, na wenzako bado unadaiwa nao mpaka mzunguko uishe?

GnuCash haiendi hivyo. Kila muamala una pande mbili: pesa imetoka wapi, imekwenda wapi. Mchezo nimeufungulia akaunti yake upande wa mali. Kabla ya zamu yangu inapanda, kwani hizo ni pesa zangu zilizo mikononi mwa watu. Nikishapokea inashuka chini ya sifuri na kuwa nyekundu, na hiyo nyekundu ndiyo deni langu. Kila nikitoa inapungua, mpaka mzunguko unapofunga iko sifuri.

Sisi tunakaa Wete, Pemba. Mimi ni mwalimu, mshahara unapita PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar. Mume wangu ana mikarafuu ya urithi, na pesa ya karafuu haijui mwisho wa mwezi. Ikija inakuja kwa mkupuo, na kabla haijaja imeshaanza kutoka: wachumaji wanataka haki yao, wachambuaji nao, chai na mikate ya shambani, gari ya kupeleka mzigo kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Yote haya nimeyaweka chini ya akaunti moja ya Karafuu yenye matawi yake, na mapato ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, nimeyatenga, maana nayo yanauzwa. Msimu ukimalizika naitisha ripoti ya mapato na matumizi kwa tarehe nizitakazo, tukajua shamba limetuachia nini. Zamani mume wangu akiulizwa alikuwa anajibu "alhamdulillahi", na hesabu inaishia hapo.

Makato ya simu nayo yanaonekana. Nikimtumia mama pesa, muamala mmoja naugawa: kiasi alichopata kinakwenda kwenye akaunti ya Wazee, makato yanakwenda kwenye akaunti ya Makato. Ukiyatazama ya mwaka mzima, wallahi utaanza kungojea mtu anayekwenda Chake Chake umpe mkononi.

Kuianza kuna kazi. Inakuja na orodha ya akaunti iliyokwisha pangwa: dobi, televisheni ya kebo, vitu vya starehe, riba ya benki. Akaunti yangu ya benki ni ya Ikhlas, huduma ya Kiislamu ya PBZ isiyo na riba, kwa hiyo la riba nililifuta mwanzo. Mengine yakafuata, nikaandika yetu: Samaki, Tukuza (umeme wa kulipia kabla), Futari, Nguo za Skukuu, Harusi na Misiba. Menyu naitumia kwa Kiingereza, lakini majina ya akaunti unayaita utakavyo. Na senti, ambazo hapa hazinunui kitu, zinaweza kuondolewa kwenye mipangilio ya kila akaunti.

Kinachonikera ni kalenda. Miamala ya kujirudia inafanya kazi vizuri kwa kodi ya nyumba au gari ya watoto ya skuli, lakini inajua miladi peke yake. Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo bajeti ya futari naihamisha kwa mkono. Zaka hivyo hivyo: mizania naweza kuipata ya siku yoyote niitakayo, jambo ambalo ni zuri sana, ila mwaka wa zaka ni wa Hijria na tarehe yake naitafuta mwenyewe.

Jingine ni kwamba ni programu ya kompyuta. Sokoni hukai na laptopu. Meseji za miamala zinabaki kwenye simu, na mwisho wa wiki nakaa kuziingiza. Za samaki na mboga naziandika kwa jumla, maana muuza dagaa hatoi risiti. Asiyeweza kukaa chini hata mara moja kwa wiki asijisumbue nayo. Pande mbili zisipolingana, tofauti inatupwa kwenye akaunti iitwayo Imbalance-TZS. Mume wangu akiandika yeye, huko ndiko zinakokwenda pesa zote asizozikumbuka.

Bei hakuna. Ni programu huria, ipo tangu 1998, inakubali Windows, Mac na Linux. Hesabu zinakaa kwenye mashine yako, hakuna kampuni inayozitazama, lakini pia hakuna wa kukurudishia mashine ikifa. Ipe folda yake peke yake, kwani kila ukihifadhi inaacha nakala yenye tarehe na muda si mrefu zinajaa. Yangu naitia kwenye flashi inayokaa kwa mama, maana laptopu na flashi zikilala droo moja, mwizi atabeba vyote.