Filamu ngumu: anza na hizi nne, kwa mpangilio huu

Wengi wakitaka kuonja filamu ngumu, yaani zile za polepole au zisizosimulia hadithi kwa njia ya kawaida, hukimbilia ile ndefu kuliko zote, husinzia kabla ya saa moja kwisha, halafu hutangaza kwamba sinema za namna hiyo ni majivuno matupu. Kosa ni la mpangilio.

Anza na La Jetée (1962) ya Chris Marker. Ni dakika 28 tu, picha mnato na sauti ya msimulizi. Picha hutembea mara moja pekee: mwanamke aliyelala anafumbua macho. Ukichungulia simu wakati huo, imekupita.

Ifuate Touki Bouki (1973) ya Msenegali Djibril Diop Mambéty. Mory na Anta wanasaka nauli ya kwenda Paris, na pikipiki yao imefungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe. Inachanganya kwa sababu ndoto na matukio yameshonwa pamoja bila alama yoyote. Usihangaike kupanga kipi kilitangulia. Fuata sauti, hasa wimbo wa Josephine Baker unaorudi kila mara. Ila ujue: mwanzoni ng'ombe wanachinjwa kweli mbele ya kamera. Tafuta nakala iliyokarabatiwa mwaka 2008.

Ya tatu ndiyo yenyewe: Jeanne Dielman (1975) ya Chantal Akerman, dakika 201. Mwaka 2022 iliongoza kura ya wahakiki ya jarida la filamu la Sight and Sound, na sifa hiyo imewaponza watazamaji wanaoketi wakisubiri maajabu. Utakachoona ni siku tatu za mjane na mwanawe, kamera haisogei. Mama huyo anamenya viazi, anang'arisha viatu, mchana anapokea mteja mmoja wa ngono, fedha anazitia kwenye bakuli la supu na kufunika. Siku ya kwanza ni kipimo, basi shika kila kitu kinavyokwenda. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, naye anazunguka na sufuria mkononi, hajui aitue wapi. Bakuli linabaki bila mfuniko. Anayeongeza kasi ya video, au kuikata filamu vipande viwili, hupoteza hapo hapo: kama utaratibu haukukuingia mwilini, mfuniko uliosahaulika hautakushtua.

Sátántangó (1994) ya Béla Tarr iache ya mwisho. Inapita saa 7, na picha ya kwanza ni ng'ombe kwenye matope kwa karibu dakika 8 bila kukatwa. Sura ni 12. Hapa kupumzika kunaruhusiwa, lakini sura ikiisha tu, maana tukio ulilokwisha kuliona hurudi baadaye kwa jicho la mtu mwingine. Sura ya msichana na paka inaumiza. Mpenda wanyama ajiandae. Chumba kiwe giza, na kwenye runinga zima kilainisha mwendo (mpangilio unaofanya picha ziteleze kupita kawaida), la sivyo mvua na matope ya Tarr vitateleza kama tamthilia ya mchana.