Kupunguza volti za prosesa kwa ThrottleStop: uzoefu wangu

Laptopu yangu ina Core i7-8750H, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mwaka 2018 yenye viini 6, yaani sehemu 6 zinazofanya hesabu kwa pamoja. Viini vyote vikifanya kazi pamoja, inatakiwa kufika 3.9 GHz. Yangu ilikuwa inafika huko sekunde chache tu nikianza kutoa video, joto linagonga nyuzi 97, kisha inajishusha yenyewe hadi chini ya 3 GHz huku feni zikilia kama zinataka kuruka.

Kuiongezea kasi sikuwaza kabisa. Prosesa hii kizidishi chake (namba inayopanga kasi yake) kimefungwa, na hata kingekuwa wazi, ugonjwa wenyewe ni joto. Nikaamua kuipunguzia volti. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo ukipunguza kidogo tu nafuu huonekana, na kasi huigusi.

ThrottleStop, programu ya kurekebisha mwenendo wa prosesa, ni ya bure. Dirisha lake limejaa vitufe, ila kwa kazi hii unahitaji kimoja: FIVR. Ndani yake chagua CPU Core, weka alama kwenye Unlock Adjustable Voltage, vuta Offset (kiasi cha volti unachopunguza) hadi −50 mV. Kisha fanya vilevile kwenye CPU Cache, yaani kashe, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa. Hapa ndipo wengi wanaporuka, halafu wanasema programu haifanyi kazi. Ukiacha kashe ilivyo, faida karibu yote inapotea. Na usihifadhi volti mapema. Mashine ikiganda, unaizima na kuiwasha, inarudi ilivyokuwa.

Nilishuka kumi kumi. Kwenye −140 ilistahimili jaribio zito la Cinebench (programu ya kupima nguvu ya prosesa) bila shida, ikaja kuganda nikiwa nasoma tu PDF! Kumbe kinachoiangusha mara nyingi ni kule kupanda na kushuka mwendo, si mzigo wenyewe. Kwa hiyo msijiamini kwa sababu jaribio limepita; itumieni kwa kazi nyepesi pia. Nimetulia kwenye −120. Video hiyohiyo sasa inatoka kwa nyuzi 85 hivi, kasi inakaa karibu 3.5 GHz, na feni zinavumilika.

Kabla hujahangaika, angalia kama mashine yako inaruhusu. Mwaka 2019 lilitangazwa shambulio la Plundervolt, lililotumia njia hiihii ya kubadili volti, na laptopu nyingi zikafungiwa uwezo huo kupitia masasisho ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Mshambuliaji anahitaji kwanza mamlaka ya juu kabisa kwenye kompyuta yako, hivyo kwa mashine ya nyumbani mimi sina wasiwasi. Ya ofisini nisingeigusa.

Ukikuta imefungwa, toa vumbi kwenye feni na ubadilishe pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipoozeo. Kwa laptopu ya umri huu, hata isiyofungwa ningeianzia hapo.