Ukitaka Rolls-Royce Silver Shadow, chukua ya mwaka gani?

Silver Shadow zilitengenezwa Crewe, Uingereza, kuanzia 1965 hadi 1980, na ukizipanga mstari mmoja utadhani ni gari lilelile. Fungua boneti, lala chini yake, ndipo utaona tofauti. Hapa nazipanga kuanzia ile ambayo ningeitolea pesa yangu kwanza.

1. Silver Shadow II, 1977–1980. Naiweka juu kwa sababu ya usukani. Za kabla yake zina steringi boksi, yaani usukani unaopitia sanduku la gia. Kwenye kona gari linayumba na dereva hana utulivu, kila dakika anarekebisha. Mwaka 1977 ikaingia steringi reki, yaani fimbo yenye meno inayogeuza magurudumu, na gari likatulia barabarani. Kiyoyozi nacho kikawa kipya: juu na chini unapanga joto tofauti. Ukikutana na Bentley T2, hilo ni gari hilohilo lenye grili nyingine, na ni adimu zaidi. Likiwa zima, usiliache.

2. Shadow za 1974–1976. Bado zina usukani wa zamani, ila matao ya magurudumu yametanuliwa ili kubeba tairi pana. Kwa bajeti ndogo kidogo, hapa ndipo ningetafuta.

3. Za 1970–1973. Injini ya V8 ilitoka lita 6.2 ikawa 6.75. Inavuta kwa upole, haina haraka, na ikibadilishiwa oili kwa wakati inadumu sana.

4. Za 1965–1969. Nzuri kwa mpenzi wa historia. Hizi zilijisawazisha kimo mbele na nyuma. Mfumo wa mbele ukaondolewa 1969, baada ya kuonekana kwamba wa nyuma ndio unaofanya karibu kazi yote. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza sizishauri.

Lakini mwaka wa gari usikufanye usahau haidroliki, yaani mfumo unaofanya kazi kwa presha ya mafuta, maana hapo ndipo pesa inapoishia. Breki na mfumo wa kusawazisha kimo, ambao Rolls-Royce ilipata leseni yake Citroën, vinategemea pampu mbili zinazoendeshwa na injini, na akumuleta zenye gesi ya nitrojeni zinazotunza presha. Kuzipima ni rahisi. Washa injini dakika chache, izime, rudisha swichi bila kuwasha, halafu bonyeza breki ukihesabu. Akumuleta nzima hukupa makumi ya mibonyezo kabla ya taa nyekundu ya onyo kuwaka. Nilipima moja iliyong'aa kama kioo, ngozi ya viti bado inanukia. Mbonyezo wa nne, taa ikawaka. Nikamrudishia muuzaji ufunguo.

Uliza pia mafuta gani yamo kwenye haidroliki. Shadow zote zinatumia RR363, mafuta maalumu ya breki. Mafuta ya madini yalikuja na Silver Spirit ya 1980, na mtu akiyamimina kwenye Shadow, raba za mfumo mzima zinaharibika. Risiti za fundi zitakuambia ukweli kuliko maneno ya muuzaji.

Kisha kutu. Milango, boneti na mlango wa buti ni alumini, kwa hiyo uzuri wake haukuambii lolote. Chuma kiko kwenye vizingiti chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi Uingereza hukila polepole. Shadow haina chesisi iliyojitenga na bodi kama Rolls-Royce za kabla yake. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Beba sumaku ndogo. Pale kwenye kizingiti isiposhika, rangi imefunika plasta.

Tena, gari lililopita miaka 40 halilazimiki kufanyiwa MOT, ukaguzi wa usalama wa kila mwaka huko Uingereza, na Shadow zote zimeshapita. Huenda hakuna aliyechungulia chini yake kwa miaka. Mlipe fundi anayezijua hizi, aliinue kwenye lifti, nawe usimame hapohapo na tochi.