Anwani za IP za Amazon SES: wengi wanahitaji moja tu

Amazon SES, huduma ya Amazon ya kutuma barua pepe kwa wingi, inampa mtumaji njia tatu: kutumia anwani za IP (namba zinazotambulisha seva inayotuma) pamoja na wateja wengine, kukodi zake peke yake, au kuuachia mfumo uzisimamie. Ya kwanza watu huiruka haraka mno. Anayetuma barua pepe 2,000 kwa siku, au anayetuma mara moja tu kwa mwezi, abaki humo. Anwani mpya haina sifa yoyote machoni pa wapokea barua kama Gmail, na sifa hujengwa na barua zinazotoka kila siku. Ikikaa kimya wiki kadhaa, huonekana ngeni tena.

Ukikodi, anza na moja. Hata ikitoa barua 10 tu kwa sekunde, hizo ni 864,000 kwa siku. Wangapi wanafika huko? Anwani ya pili ina maana unapotenganisha matangazo na barua za risiti na za namba za siri za kuingilia. Hapa SES inastahili pongezi: unaunda makundi mawili ya anwani, kila moja unaliunganisha na mipangilio yake, na malalamiko ya matangazo hayaichafui anwani inayobeba namba ambayo mtu anaisubiri. Tenganisha na vikoa vidogo pia (kama risiti.mfano.com), maana Gmail hupima kikoa, si IP pekee.

Kosa kubwa ni kugawa barua 50,000 kwa anwani 10. Kila moja inapata 5,000, kiasi kidogo cha kujengea sifa, na mtawanyiko huo ndio mbinu ya watuma taka. Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani za watuma taka, wana orodha yao ya CSS inayonasa pia watumaji wa aina hiyo.

Anwani ya kukodi ya kawaida huzoeshwa kwa siku 45, kiwango kikipanda kidogo kidogo, na ziada hupitia anwani za pamoja. Udhaifu wake ni ratiba moja kwa watoa huduma wote wa barua pepe, kama Gmail. Njia ya tatu humfuatilia kila mtoa huduma kivyake na kuongeza anwani kadiri barua zinavyoongezeka. Kwa mzigo unaopanda na kushuka, chagua hiyo.

Barua zikianza kuangukia kwenye taka, usikimbilie kuongeza IP. Tangu Februari 2024, Gmail inamtaka anayetuma 5,000 na zaidi kwa siku awe na SPF, DKIM na DMARC (njia za kuthibitisha kuwa barua imetoka kwake kweli), na malalamiko ya wapokeaji yasifike 0.3%; barua za matangazo ziwe pia na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Kagua hayo kwanza, kisha futa anwani za wapokeaji zinazorudisha barua.