Tanga siku tatu na watoto pamoja na bibi yao: Amboni nendeni asubuhi, bahari ulizeni maji kwanza

Tumerudi juzi kutoka Tanga, mi, mke wangu, mama mzazi ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wawili, wa miaka 9 na wa miaka 5. Naandika hii kwasababu kabla hatujaenda kila niliyemuuliza aliniambia Tanga hakuna kitu, pitilizeni Pangani au mpande zenu Lushoto. Sikubaliani kabisa. Tanga ni jiji tangu 2005 ila ni jiji dogo, tambarare, foleni hamna, bajaji inakutoa mjini mpaka Raskazone mtoto hajasinzia, na ukiwa na mzee na mtoto mdogo kwenye safari moja hiyo peke yake ni nusu ya raha.

Naanza na Mapango ya Amboni maana ndo yaliyotupeleka. Yako kama kilomita 8 toka mjini, unashika barabara ya Horohoro ile ya kwenda Mombasa halafu unaiacha unaingia ndani huko Kiomoni. Mapango yako 10 ila wageni wanatembezwa moja, unalipa, unapewa mwongozo, unaingia nae. Tuliyepewa sisi alikuwa kijana mpole sana, kwanza alimsalimia mama shikamoo, akamwangalia miguu, akamwambia mama yangu hapa mbele kuna pa kuinama na pengine kutambaa, wewe twende mpaka pale penye uwazi kisha nitakutafutia pa kukaa penye upepo. Hajatuuliza, kaona mwenyewe. Kwa hilo tu nilishamuwekea maksi zote.

Ndani sasa. Ukipita mlangoni mwanga upo, ukisogea kidogo giza linakuwa giza kweli, sio hili letu la umeme kukatika ambalo bado unaona dirisha. Huyo kaka mwongozo akawa anapiga tochi ukutani anawauliza watoto hiki nini, wanaona tembo, wanaona meli, wanaona sofa, wanaona ramani ya Afrika, yote ni mawe tu yamejichonga yenyewe kwa maji miaka na miaka, mwamba wenyewe ni wa chokaa na wanasema una umri wa miaka kama milioni 150. Halafu akazima tochi akasema tulieni. Tukasikia tone. Kimyaa. Tone jingine. Akawasha akamsogeza binti yangu karibu na jiwe moja linaloning'inia, kwenye ncha yake kuna tone la maji limekaa linatetemeka halidondoki, akamwambia weka kiganja chini ila jiwe usiliguse mwanangu, mafuta ya mkono yanalizuia kukua. Mtoto wa miaka 5 ambaye nyumbani hatulii hata kula, alisimama kakinga mkono mpaka tone likadondoka. Kalifungia kwenye ngumi mpaka tunatoka nje.

Hadithi wanazo nyingi, za Osale Otango na mwenzie Paulo Hamisi waliojificha humo wakimkimbia mkoloni miaka ya 1950, na ile ya mzungu aliyepotea mule na mbwa wake, mbwa akaja kuonekana huko Kilimanjaro. Mwanangu mkubwa akauliza huyo mbwa alikuwa anakula nini njia nzima. Kaka akacheka, akasema mwaka 1994 walikuja wataalamu wakapima, pango refu kuliko yote halizidi mita 900, kwahiyo hadithi tunaipokea kama hadithi. Nilipenda sana hapo, hakumdanganya mtoto na hadithi hakuiua.

Mambo ya kujua: nendeni asubuhi kabla joto halijapanda maana ndani kuna fukuto, vaeni viatu vinavyoshika chini kwasababu kunateleza, bebeni tochi zenu hata ya simu. Kuna sehemu watu wanakwenda kuomba mizimu, mtakuta vitambaa na marashi, waambieni watoto mapema wasiguse wala wasicheke, ni ibada ya watu. Popo wapo. Mtoto anayeogopa sehemu za kubana msimlazimishe, wa kwangu mkubwa ndo alilia pa kutambaa, mdogo wala.

Hukohuko karibu kuna maji moto ya Galanos, yananuka salfa utadhani yai viza, watoto walikimbia wameziba pua ila mama alikaa pale kaloweka miguu zaidi ya nusu saa, sisemi yanatibu maana mi sio daktari, nasema jioni yake alitembea na sisi bila kushika mkono wa mtu. Bebeni khanga na taulo.

Siku ya pili bahari. Hapa naomba mnisikilize: Tanga maji yakitoka yanatoka kweli, mkienda yamekupwa mtakuta matope na kaa wadogo, kwahiyo muulizeni mwenyeji yeyote, mvuvi au hata wa bajaji, maji yanajaa saa ngapi, na msiende siku za bamvua, zile maji yanajaa na kutoka kupita kawaida, bila kuuliza. Sisi tulifika Raskazone yanaanza kujaa, ghuba imetulia haina mawimbi ya kumwangusha mtoto, tulikaa mpaka vidole vikajikunja.

Kilichoniudhi ni chakula cha mchana siku hiyo, jina la mahali silitaji, kumi na mbili mezani hatukuwa, tulikuwa watano tu, samaki alichukua karibu masaa mawili watoto wana njaa wanalia, na bili ikaja na soda mbili ambazo hatukunywa. Walizitoa tulipolalamika ila pole hakuna. Ushauri wangu ukifika agiza kwanza halafu ndo mkaogelee. Jioni tukaenda zetu Ngamiani, kule mitaa inaitwa kwa namba barabara ya ngapi ya ngapi hampotei, mishkaki, mihogo, chapati, na mtindi wa Tanga Fresh wa baridi, kwa hela ya yule samaki tulikula wote tukasaza.

Siku ya tatu tulipita jengo la Boma la zamani kwenye makumbusho ya Urithi, ni padogo, ila habari za vita vya Tanga vya Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, zilimkamata kijana wangu, Waingereza wameshuka na askari kama 8,000 waliotoka India, Wajerumani na askari wao hawakuzidi sana 1,000, na nyuki wakaingia kati wakawatimua watu. Kila mtoto anaielewa vita ya nyuki. Tongoni nako tulifika, kwenye barabara ya Pangani, gofu la msikiti na makaburi kama 40, mengine yana nguzo, zamani nguzo zilipambwa kwa bakuli za kichina. Mi ningekaa siku nzima, watoto walichoka mapema, jua kali na kivuli kidogo, kama wa kwenu ni wadogo pawekeni jioni.

Tukamalizia bustani ya Jamhuri, majani, upepo, meli bandarini, na mbele yenu kisiwa cha Toten kimekaa pale na magofu yake ya misikiti. Huko hatukuvuka, upepo ulikuwa mkali na mama alikataa katakata. Mwezi wa 12 tunarudi kwa ajili ya hicho kisiwa, kwahiyo aliyevuka na watoto naomba aniambie hapa chini, mtumbwi mnakubaliana wapi na bei gani, na je majaketi okozi ya saizi ya mtoto wa miaka 5 wanayo au niende na la kwangu?