Fomu ya FINDRISC na futi ya fundi cherehani: uzoefu wangu wa kupima hatari ya kisukari mtaani Dar

Kwa anayepanga kupima watu wazima kisukari aina ya pili, iwe Manzese, Tandika au Mbagala, ushauri wangu ni kwamba mashine ya sukari ije mwisho. Tangulia na fomu ya FINDRISC. Nimeitumia kwenye ofisi za serikali za mitaa na kwenye mabonanza, na naipa nyota nne kati ya tano.

Ilitengenezwa Finland na kuchapishwa mwaka 2003. Ina maswali manane, alama za juu kabisa ni 26, na haihitaji tone la damu. Inakadiria uwezekano wa kupata kisukari ndani ya miaka 10: chini ya alama 7 ni mtu 1 kati ya 100, alama 12 hadi 14 ni 1 kati ya 6, alama 15 hadi 20 ni 1 kati ya 3. Hesabu hizo ni za Wafini. Hapa kwetu naitumia kupanga nani atangulie kutobolewa kidole, basi.

Chukua mama wa miaka 48 (alama 2), kilo 78 kwa urefu wa mita 1.60, yaani uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 30.5 (alama 3), kiuno sentimita 96 (alama 4), anameza dawa za presha (2), na mama yake mzazi ana kisukari (5). Kutembea anatembea kila siku na mchicha haumpiti, hapo sifuri. Jumla 16. Mashine peke yake ingeweza kumsoma sukari ya 5.8 mmol/L siku hiyo, akaondoka akijiona hana la kuhofia.

Kiuno ndicho kinachoharibiwa zaidi. Wapimaji wengi hupitisha futi pale kanga au mkanda ulipofungwa. Siyo hapo. Papasa ubavu wa mwisho, papasa juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati yake mtu akishatoa pumzi kwa kawaida, futi ilale sawa mbele na nyuma bila kubana nyama. Mkanda na pochi ya chenji vitoke kwanza. Weka pazia, na akina mama wapimwe na mwanamke mwenzao, la sivyo watapimwa juu ya magauni mawili. Futi za kitambaa huvutika zikizeeka, kwa hiyo zilinganishe na rula ya chuma mara kwa mara. Mipaka ya alama za kiuno ni sentimita 94 na 102 kwa wanaume, 80 na 88 kwa wanawake. Huo wa 80 unavukwa na akina mama wengi mno mjini, hivyo hauchuji sana. Nyota moja nimeikata hapo.

Maswali mengine yanataka ujanja wa kuuliza. Mzazi, ndugu wa damu au mtoto mwenye kisukari ni alama 5, ila babu, bibi, shangazi, mjomba au binamu ni 3. Mtoto wa baba mkubwa kwetu ni ndugu kabisa, kwa hiyo uliza wazi mzazi wao ni nani. Kwenye presha, aliyewahi kutumia dawa mfululizo anahesabiwa hata kama ameziacha. Aliyeambiwa sukari imepanda wakati wa ujauzito anapata 5. Na dereva wa bodaboda aliyeshinda juu ya pikipiki hajafanya mazoezi, hata akikuapia.

Wenye alama 12 na zaidi ndio nawapima kwa mashine, kesho yake asubuhi. Waambie wasile baada ya saa nne usiku, wafike saa moja asubuhi. Maji ruksa, chai ya sukari hapana. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke, maana utomvu wa embe kidoleni unapandisha kipimo. Spiriti nayo ikauke. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, usikikamue. Kopo la vijiti vya kupimia sukari lifungwe mara tu unapotoa kimoja, kwa sababu unyevu wa Dar unaviharibu, na usiliache juani: mengi yameandikwa nyuzi 30 mwisho. Hakiki pia kizio cha mashine, kwani 126 kwenye mashine ya mg/dL ni sawa na 7.0 ya mmol/L.

Asubuhi kabla ya kula, 6.1 hadi 6.9 ni ya kufuatilia. Ikifika 7.0, au 11.1 wakati wowote kwa mwenye kiu na kukojoa sana, apelekwe kituo cha afya kuthibitishwa maabara. Usimtangazie ugonjwa hemani. Kwenye karatasi ya rufaa andika kipimo, saa ya kupimwa na saa ya mlo wa mwisho. Bila hiyo ya mwisho, daktari hana namna ya kuisoma namba yako.