TAHADHARI: Muuza magita wa Sinza ni tapeli, msimpe hata shilingi

Wanamuziki wenzangu, tangu Jumatatu nimekuwa naandika hii na kufuta kwa aibu. Leo naituma hivyo hivyo kwa sababu jamaa bado yumo mtandaoni anauza. Mliokuwepo harusini mnajua kilichotokea, na watu wa bendi naomba tena mnisamehe.

Nimeuziwa gita FEKI la Gibson Les Paul kwa shilingi 1,600,000.

Najua wapo watakaosema nilijitakia. Mimi napiga gita mwaka wa kumi na moja huu, sikulianza jana, na siku hizi nilikuwa napigia gita la kuazima. Tangazo lake nililiona Jumanne usiku: Les Paul Standard limelazwa juu ya kitanda chenye shuka la maua ya zambarau, kesi yake ngumu pembeni, "nauza kwa shida". Nilimwuliza kila kitu. Limetoka wapi? Mjomba kalileta kutoka Marekani. La mwaka gani? 1999. Mbona unauza? Mama amelazwa, anasubiri upasuaji. Nikaomba picha ya namba za nyuma ya kichwa cha gita, akatuma dakika hiyo hiyo, zimegongwa kwenye mbao kabisa na "Made in USA" chini yake. Nikawaza, mwenye kuficha kitu hawezi kutuma haraka namna hii.

Halafu hakuniomba kianzio. Sisi tumezoea kwamba tapeli ni yule wa "tuma ya nauli, tuma ya kutolea". Huyu alisema, "Kaka, njoo ulione, ulipige kwa mkono wako, ukiridhika ndiyo tuongee hela." Hapo ndipo aliponimaliza.

Tulikutana Alhamisi, saa moja na nusu usiku, nyuma ya baa moja, mahali penye taa moja ya njano. Aliweka kesi juu ya meza ya plastiki, akafungua vifungo kimoja kimoja, taratibu, akanigeuzia. Gita linang'aa. Akapitisha kidole gumba juu ya lile jina Gibson kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Kisha akalipakata akapiga. Jamani, yule kijana anajua! Seben safi, vidole vinatembea mpaka mwisho wa shingo, mhudumu akasimama na trei yake kusikiliza. Nami nikapiga, bila amplifaya, huku muziki wa baa unanijaa masikioni. Nilisikia nilichotaka kusikia. Mtu anayepiga vile, nikajiambia, ni mwenzetu.

Alianzia 1,900,000. Nikamvuta mpaka 1,600,000, akainama, akanyamaza, akasema, "Basi kaka, kwa ajili ya mama." Nikamwonea huruma! Jina lililotokea nilipotaka kurusha lilikuwa la mwanamke, akasema laini ni ya huyo mama mgonjwa, na mimi nikaona ni sawa. Nikarusha, nikamwongezea elfu kumi ya bajaji awahi hospitali. Hela yenyewe ilikuwa zamu ya mke wangu ya kijumbe. Alikuwa amepanga cherehani. Aliniambia chukua, utanirudishia kwa shoo.

Jumamosi, wimbo wa tatu, tunaingia kwenye seben, maharusi wamesimama, wazee wameshatoa noti za kutunza. Uzi wa tatu ukaanza kushuka, nikaukaza, ukashuka tena. Kisha sauti ikakatika. Solo kimya! Mzee wetu wa besi akabaki anashikilia wimbo peke yake na ngoma, na mimi nimesimama mbele ya watu natikisa waya. Sitakaa niisahau sura ya bwana harusi.

Jumatatu nikalipeleka kwa fundi Kariakoo. Hakulichomeka hata kwenye spika. Aliangalia kile kifuniko kidogo chenye umbo la kengele pale kichwani, akasema, "Mwanangu, Gibson anakifunga hiki kwa skrubu mbili. Hesabu hapa." Zilikuwa tatu. Akakifungua. Ndani, Gibson halisi lina nati ya shaba ambayo unaizungusha kwa spana ya bomba. La kwangu lina tundu la pembe sita, la kuingiza ufunguo uliopinda.

Akaniomba ile picha ya namba. Kwa magita ya Gibson ya miaka ile, yenye tarakimu nane, ya kwanza na ya tano zinataja mwaka, na tatu zinazofuata ile ya kwanza ni siku ya mwaka huo. Yangu inasoma 9, halafu 512, halafu 9. "Siku ya 512 ya mwaka 1999," akasema, "ni siku gani hiyo?" Nilishindwa kumjibu. Picha hiyo nilikuwa nayo kwenye simu siku mbili kabla ya kulipa!

Mengine alinionyesha harakaharaka: mstari wa kuunga mbao nyuma ya shingo karibu na kichwa, wakati shingo ya Gibson inachongwa kwa ubao mmoja, vidhibiti vya sauti ndani ni vidogo kama sarafu, ile michirizi mizuri ya mbao usoni ni ganda tu limebandikwa. Epiphone halisi, lile la bei nafuu la kampuni hiyo hiyo ya Gibson, lina baadhi ya mambo hayo na ni gita la heshima, lakini limeandikwa Epiphone na bei yake ni ya Epiphone. Na Les Paul Standard jipya ni zaidi ya dola 2,000, yaani milioni 5 na ushee. Fanyeni hesabu ambayo mimi sikuifanya. Nendeni mchana, nendeni na bisibisi.

Ila mimi nataka huyu mtu afungwe. Ameshanibloku. Polisi nimefungua RB, namba yake ya simu nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, na sitaki mtu aniambie nimsamehe. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni jinai, akajibu mahakamani. Mtu unamlaza mama yako hospitali kwa uongo ili ule hela ya cherehani ya mke wa mwenzio! Tena mwanamuziki! Bendi yoyote inayompa jukwaa imfukuze. Kama kuna mwingine kaumizwa naye ajitokeze twende kituoni pamoja, tukiwa wengi kesi haitalala.

Leo asubuhi ameweka tangazo kwa jina jipya, safari hii ni Fender Stratocaster nyeupe, 1,200,000. Kitanda ni kile kile, na shuka ni lile lile la maua ya zambarau.